Magome Yalipoacha Kuwasha

Kama umeanza kusoma hii kwa sababu una baka mwilini na kila asubuhi unavaa mikono mirefu ukijidanganya kwamba kuna baridi, sogea, nafasi ipo. Mimi nilivaa sweta Kibaha mwezi wa pili. Mwezi wa pili! Hata mbuzi wa jirani walikuwa wananikodolea macho.

Naitwa Shomari, nimeingia kidato cha nne, naishi Tangini na baba na mama. Shuleni najulikana kwa mambo mawili: kuchekesha darasa mwalimu akigeukia ubao, na kupigishwa magoti akigeuka tena. Nasema mapema ili usitegemee hadithi ya mtoto mpole aliyelala akitazama dari. Nilikuwa mjinga, tena mjinga mwenye mashabiki.

Baka lilitokea mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, masika ya mwaka niliokuwa kidato cha pili. Halikuuma wala halikuwasha. Lilipauka tu, kama mtu amenimwagia maji ya chokaa akasahau kufuta. Deo, ambaye tunakaa naye dawati moja, aliugeuzageuza mkono wangu akasema, "Mwana, hii Afrika kabisa. Ona, na Madagaska hii hapa pembeni." Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Ramani, na nililipenda. Lilipotokea la pili begani, Deo akatangaza darasani kwamba limegunduliwa bara jipya.

Mama akanipeleka duka la dawa. Kijana wa pale akaangalia kwa mbali, akasema fangasi, akatoa tyubu. Nilipaka mpaka tyubu ikabaki ngozi, na ramani ikabaki na mipaka yake yote.

Halafu kikaja kiwiko. Unaujua ule umeme unaokupiga ukigonga kiwiko kwenye ukingo wa meza? Sasa fikiria meza hiyo umelala nayo kitanda kimoja. Ulikuwa unatoka kwenye kiwiko, unashuka kwenye mkono, unakwenda kuishia kwenye kidole kidogo na jirani yake. Nilikuwa nabeba ndoo kwa mkono wa kulia tu kama mtoto wa kifalme. Baba yangu ni Mpare, anafanya kazi ofisini Dar; anatoka jua halijatoka na kurudi limeshazama, kwa hiyo siku za kazi namjua zaidi kwa kikohozi na harufu ya rangi ya viatu. Alipouona mkono wangu Jumapili akasema, "Ameanguka mpirani huyu, anaficha." Mama hakubishana naye. Alisubiri likizo ya mwezi wa sita, akanipandisha bodaboda, tukashika njia ya Mlandizi mpaka Vihingo, huko Kisarawe, kwa mama yake.

Sasa bibi yangu ni mwanamke mzee mwenye ngozi ya msichana. Sitanii. Mikono yake imelima mihogo maisha yake yote, lakini uso wake unang'aa kama sahani iliyooshwa sasa hivi. Siri yake iko kwenye mkebe: unga laini wa magome, anausaga na maji kwenye jiwe, anajipaka kila Ijumaa. Mti wenyewe hautaji jina. Anasema ukiutaja wakati kuna mgonjwa nyumbani, dawa inalala. Kwa hiyo na mimi siutaji, ingawa sasa mgonjwa kapona. Sitaki ugomvi.

"Shikamoo, mke wangu," nilimwamkia.

"Marahaba, mume mzembe. Umeniletea nini kutoka mjini?"

"Nimekuletea mkono."

"Ninayo miwili. Huo wa tatu nitaulaza wapi?"

Mama alicheka. Ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu kumsikia akicheka vile.

Kesho yake alfajiri tukaenda kwenye mti, mimi na Bibi, umande ukitulowesha magoti. Ng'ombe wa wafugaji walikuwa wanapita ng'ambo, kengele zao tunazisikia wenyewe hatuwaoni. Bibi alisimama, akalitaja jina langu na la baba yangu, akauambia mti kwamba anayochukua ni ya mtu huyo. Akachuna upande jua linakotoka, akachuna upande jua linakozama, kipande kama kiganja kila upande, akapaka tope kwenye donda la mti. Halafu akanipa sheria, na sheria hii uishike, maana ndiyo iliyotaka kunila vidole.

"Magome yaliyochunwa kwa jina lako ni yako. Asionje mwingine, asijipake mwingine. Dawa ya mgonjwa ikigusa mwili wa mzima inachanganyikiwa, haijui imfuate nani. Anayekusagia, akimaliza ananawa kwa majivu."

"Na wewe je, si una yako?"

"Yangu nilichuna kwa jina langu. Na mkebe wangu usiuguse, utaota ndevu za uzuri."

Magome ya nje alichemsha, nikanywa; machungu mpaka masikio yalisisimka. Ya ndani, yale mororo yenye utomvu, alisaga kwenye jiwe akanipaka kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Akaniambia yatang'ata kwanza. Yasipong'ata, hayafanyi kazi. Wallahi, yaling'ata. Ilikuwa kama umeingiza mkono kwenye msafara wa siafu ukawaomba radhi. Nilirukaruka uwanjani, kuku wakatawanyika, Bibi akapiga makofi kunipa mdundo. Halafu ule moto ukageuka ubaridi, na ubaridi ukawa raha.

Ila katikati ya ramani hapakuwa na kitu. Pembeni moto, katikati kimya.

"Bibi, hapa mbona hapang'ati?"

Akagusa, akafikiri. "Hapo ndipo ugonjwa ulipojilaza. Patachelewa."

Tukaliamini jibu hilo sote. Nikilikumbuka sasa, shingo inanisisimka.

Na maumivu yakapungua. Hapa nitasema ukweli, maana kuna watakaosoma wakisubiri nimtukane bibi yangu. Hawatasikia. Magome yale yalinirudishia usingizi, na mtu aliyekosa usingizi kwa wiki nzima haulizi maswali, anasema asante. Nilirudi Tangini na mfuko wangu wa magome, Mama akawa ananisagia Jumamosi na Jumatano, ananawa kwa majivu, ananiuliza, "Yanawasha?"

Mwezi wa saba: "Sana."

Mwezi wa nane: "Kiasi."

Mwezi wa tisa: "Kwa mbali."

Baada ya hapo, hayakuwasha tena. Na kiwiko nacho kikanyamaza kabisa, hata umeme wa kugonga meza ukakatika. Nyumbani tukawa tunasema maneno mawili kila siku: maumivu yameisha, alhamdulillahi, na haya magome siku hizi yamekuwa dhaifu. Hakuna aliyeyaweka maneno hayo mawili pamoja akayatazama. Mama alimpigia Bibi simu kumlalamikia. Bibi akachuna mengine, akatuma. Akachuna mengine tena. Angeweza kupaka kidogo nyuma ya mkono wake akajua nguvu yake, na Mama vilevile. Hawakuthubutu. Yalikuwa ya Shomari.

Shomari mwenyewe alikuwa anafanya nini? Alikuwa anatafuta umaarufu.

Niligundua mchezo kwenye kipindi cha hisabati. Deo alinichoma na ncha ya bikari chini ya dawati ili nipige kelele nipewe adhabu, na mimi nikaendelea kuandika. Akachoma tena. Nikamgeukia: "Unatafuta nini?" Alikuwa anaangalia tone la damu kwenye kidole changu kidogo. Mimi sikujua lipo.

Mapumziko, darasa zima lilikuwa limenizunguka. Ramani haumii! Ramani chuma! Nilishika kikombe cha uji wa moto ambacho wanaume wenzangu walishindwa kukishika. Niliweka nge mdogo kiganjani (aliyekufa, lakini hilo niliwaambia baadaye). Hawakuona kwamba nilikuwa nashindwa kufunga kifungo cha mkono wa shati. Hawakuona kidole kidogo kilivyoanza kujitenga na wenzake, kimejikunja pembeni kama mtu aliyenuna kwenye picha ya familia. Hata mimi nilikuwa nakirudisha kwa mkono wa kulia, nikikiachia kinarudi kununa.

Jioni moja tukiwa na Deo kwenye kibanda cha chipsi, yeye akiwa na mishkaki moja ya mwisho mkononi, akaniambia nikiweka kidole kwenye ukingo wa karai ananiachia yote. Karai lilikuwa linatokota. Nikaweka kidole kidogo, nikaanza kumsimulia mpira, nikijishaua, nikinyoosha sentensi. Nikasikia harufu nzuri ya nyama.

"Toa mkono wewe!" Muuza chipsi alikuwa amegeuka. "Unaungua, toa mkono!"

"Kaka, tulia, ni mishkaki yako hiyo inaungua."

Akanitazama vibaya sana. Si kwa hasira. "Mishkaki sijaweka," alisema.

Deo hakucheka. Alinipa ile mishkaki, akaenda zake bila kuaga. Nami, usinicheke, niliila.

Kidonda cha kidole nilimwambia Mama ni sufuria. Kilikuwa kikubwa, chenye majimaji, hakikuniuma hata chembe, na kilikataa kupona. Likizo ya mwezi wa kumi na mbili Bibi akasema niletwe nikae naye, labda Mama anakosea kusaga.

Nilikwenda peke yangu na bodaboda. Njiani vuli ilikuwa imechelewa, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Asubuhi yake nilimfuata Bibi mtini nikakuta kitu ambacho sikukitegemea: yale madonda mawili ya mti yalikuwa yamekua. Kila Mama alipopiga simu, Bibi alirudi akaongeza kiganja kimoja huku na kimoja kule, mpaka la mashariki na la magharibi yalikuwa yanakaribia kukutana. Katikati palibaki gome jembamba kama mkanda.

"Yakikutana je?" nikauliza.

"Mti unakufa," akajibu.

Akachuna ya mwisho. Mchana, barazani, akasaga taratibu, akaponda mwenyewe kila uzi, kama anayemtengenezea mfalme. Akanipaka mkono mzima. Mimi nilikuwa natafuna muwa.

"Yanang'ata?"

"Bado."

Akaongeza. "Sasa?"

"Bibi, labda mti umestaafu."

Kwa kawaida angenirudishia mbili. Safari hii alikishika kile kidole chenye kidonda, akakiminya. Akaminya zaidi, mpaka yakatoka majimaji. Alikuwa anaangalia uso wangu, siyo kidole, na mimi nilikuwa natafuta mahali pa kutemea makapi.

Bibi akapandisha mkono wa gauni lake. Akachota kwenye jiwe, magome yangu mimi, yaliyochunwa kwa jina langu, akajipaka kuanzia kifundo mpaka kiwiko.

"Bibi, si ulisema..."

"Nyamaza."

Tukakaa. Kuku mmoja alikuja akadonoa makapi ya muwa, akaondoka. Niliona macho ya Bibi yakiwa makubwa, yakajaa maji, halafu akainuka kwa kasi ambayo sikujua bado anayo, akakimbilia ndoo. "Mama yangu weee!" Akatumbukiza mkono wote. Alikuwa anarukaruka uwanjani vilevile nilivyoruka mimi mwezi wa sita, na mimi nikapiga makofi kumpa mdundo. Nilicheka peke yangu kwa muda kidogo. Halafu nikaacha, kwa sababu alikuwa amesimama, mkono wake umekuwa mwekundu, ananitazama.

"Yananing'ata mimi," alisema. "Shomari, yananing'ata mimi."

Hakuwahi kuniita Shomari. Ni mume wangu, ni mzembe, ni mpuuzi wangu. Nilipolisikia jina langu mdomoni mwake, lile alilokuwa anauambia mti, ndipo hofu iliponiingia.

Alasiri hiyohiyo Bibi alifunga kanga mbili, akapanda bodaboda nyuma yangu, yeye ambaye hakufika Tangini tangu niko shule ya msingi. Mama alipofungua mlango alidhani kuna msiba. Bibi hakukaa hata alipokaribishwa kiti.

"Mtoto hasikii," alisema. "Magome hayana kosa. Mkono wake umekufa ganzi, nami nimekaa miezi sita nausifu."

Mama alimlaumu Bibi kwa sauti ambayo majirani walizima redio ili waisikie vizuri. Bibi hakujitetea. Baba alirudi akakuta kelele, akasimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kesho haendi kazini. Hapo nikajua hali ni mbaya. Baba yangu aliwahi kwenda kazini na malaria.

Hospitali tulisukumwa dirisha hili na dirisha lile mpaka tukafika mwisho wa varanda, kwenye benchi lililowekwa nje ili upepo upite. Juu ya mlango pameandikwa Kliniki ya Kifua Kikuu na Ukoma. Mama alisoma, akasimama kama aliyeshikwa nguo. Baba akasema, "Ni kifua kikuu, watampima kifua." Mimi sikuwa na kikohozi. Sote watatu tulijua sina kikohozi.

Benchi la kusubiri lina mambo yake. Waliokohoa walitukwepa sisi, sisi tukawakwepa waliokohoa. Kando yangu alikaa mzee aliyevaa kofia safi ya kufuma. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa mkono. Vidole vyake viliishia katikati. Nilimpa mkono kwa sababu nililelewa, lakini moyo ulikimbia ukaniacha hapo.

"Nakuja kwa ajili ya kidonda cha mguu tu," alisema, kama aliyesoma mawazo yangu. "Ugonjwa wenyewe uliisha zamani." Halafu akaniangalia kidole changu. "Wewe kilikuuma?"

"Zamani. Sasa hakiumi."

"Na mimi nilifurahi sana kilipoacha kuuma," akasema yule mzee.

Ndani kulikuwa na nesi mwenye mashavu mapana na mdomo usio na breki. Tungekuwa darasa moja tungegombania ukuu. Alikipapasa kiwiko changu, akasema kuna kamba humo ndani imenenepa. Akanyofoa pamba kidogo, akaisokota ncha. "Funga macho. Kila nikikugusa, onyesha kwa kidole nilipogusa. Usifumbue."

Nikafunga. Nilishapita mitihani mingi kwa kubahatisha, huu ungenishinda nini? Nikasubiri muda unaofaa, nikaonyesha kati ya baka. Nikasubiri, nikaonyesha kidole kidogo. Nikaonyesha begani. Nilijiona nakwenda vizuri.

"Shomari," nesi akasema taratibu, na utani wote umemtoka, "sijakugusa bado."

Mama alitoa sauti ndogo.

Tukaanza upya, na safari hii sikubahatisha. Nilikaa gizani nikisubiri kuguswa. Nilisikia feni. Nilisikia Baba anameza mate. Nilisikia kalamu ya nesi ikiandika, ikiandika tena, na kumbe kila ilipoandika nilikuwa nimeshaguswa.

Hakuzunguka. "Ni ukoma. Unatibika, dawa bure, ukianza kumeza humwambukizi mtu. Wazazi nanyi tutawapima, na huyo bibi, na kila mnayelala nyumba moja." Akanigeukia. "Ugonjwa tutauua, hilo halinipi shida. Mshipa wa mkono ndio tunakimbizana nao. Ulioumia kwa miezi michache unaweza kuamka. Ulioumia zaidi, basi. Vidole hivi sikuahidi."

Kwa hiyo ukiniuliza mwaka wangu wa kidato cha tatu ulihusu nini, haukuhusu masomo. Ulihusu vidole viwili.

Pakiti ya kwanza ya vidonge nilimeza mbele ya nesi, na mchana nikakojoa rangi ya ubuyu. Alikuwa amenionya, lakini kuonywa na kuona ni vitu viwili. Kulikuwa na vidonge vingine vya kutuliza ule mshipa, hivyo vikanipa njaa ya fisi na uso ukaumuka kama andazi. Kufikia masika, pakiti ya tatu, ngozi yangu ilianza kuwa nyeusi, halafu nyeusi zaidi, yale mabaka yakawa na rangi ya zambarau iliyoiva. Watu wanajichubua watafute weupe, mimi natafutiwa weusi na serikali, bure. Huo utani nilimwambia nesi, akacheka mpaka akashika meza. Nyumbani hakuna aliyecheka.

Nyumbani palikuwa na kikombe. Cha bluu, kipya, Mama alisema ni zawadi. Nacho kilikaa peke yake juu ya rafu, na sahani yake, na kijiko chake. Baba alianza kunisalimia akiwa mlangoni. Nesi alishawaambia simwambukizi mtu, wote walipimwa wakaonekana wazima, lakini kuambiwa kulikuwa kumeishia masikioni. Mimi nilikuwa navaa sweta kwenye joto la mwezi wa pili na kunywa kwenye kikombe changu cha heshima. Kama uko hapo ulipo sasa, najua. Kinauma kuliko kiwiko.

Aliyekimaliza ni Bibi. Alikuja mwezi wa nne, mvua imemlowesha, akaingia jikoni, akapita vikombe vyote, akakishusha cha bluu, akajimiminia chai. Akanywa nusu, akanipa mimi nusu. Mama alikuwa anamwangalia. Kesho yake kikombe kilikuwa kwenye ndoo ya vyombo pamoja na vingine, na baadaye Baba alikivunja kwa bahati mbaya, au tuseme bahati nzuri.

Tangu hapo Baba akawa na kazi ya pili. Akirudi, kabla ya kula, ananiketisha, anawasha tochi ya simu, anaukagua mkono wangu kidole kwa kidole kama anatafuta mwiba. Mkono usiosikia haukwambii umeungua au umekatwa. Lazima mtu autazame. Halafu anauloweka kwenye maji, anaupaka mafuta, anakinyoosha kile kidole kilichonuna. Hatuzungumzi sana. Lakini nimekaa na baba yangu mwaka huo kuliko miaka yote ya nyuma ukiijumlisha.

Deo nilimwambia mwezi wa tano, nyuma ya choo cha shule, baada ya yeye kuuona mkojo wangu na kutaka kuniitia mwalimu. Nilimtajia jina la ugonjwa. Alirudi nyuma hatua, uso ukamshuka. Nikasema moyoni, haya, huyu ndiyo basi. Siku iliyofuata nilimkuta amekaa palepale kwenye dawati, amelirusha bikari lake juu ya paa la darasa. Kifungo cha mkono wangu kilikuwa wazi. Akakifunga bila kuniangalia, huku anamsikiliza mwalimu. Anakifunga mpaka leo.

Vidole? Kipupwe kilipita, hakuna kitu. Kila mwezi pamba, kila mwezi kalamu inaandika. Vuli ikaja mapema, pakiti ya mwisho nikaimaliza, nesi akanipa mkono, akasema ugonjwa umekwisha. Nikamuuliza kuhusu vile viwili. Akasema, "Subiri kidogo. Mishipa haina haraka." Nilishakariri uso wa mtu anayekwambia subiri akiwa hana jingine.

Mwezi wa kumi na mbili nikaenda Vihingo. Uso wa Bibi ulikuwa umekauka, umeanza kuwa uso wa bibi. Mkebe haukuwapo. Hakuwa amejipaka tangu siku ile. Mti nao nilikwenda kuutazama: ule mkanda mwembamba wa gome ulikuwa umeshikilia, na kwenye tope la Bibi kingo zilikuwa zimeanza kuvimba kuelekea ndani, polepole.

"Nisagie," nikamwambia.

"Sitaki."

"Siyo dawa. Dawa nimemeza. Nataka kujua tu."

"Na kama hayang'ati?"

Hilo swali nililibeba mimi mwenyewe njia nzima kutoka Mlandizi. Nikamwambia, "Nitajua."

Alikwenda akarudi na kipande kidogo kama kucha. Safari hii hakuutajia mti jina la mtu. Akasaga barazani, nikafunga macho nisije nikajidanganya kama siku ya pamba.

Sikujua ameanza kunipaka lini wala ameishia wapi. Nilisikia jiwe likikwaruza, likaacha. Kuku. Kengele za ng'ombe ng'ambo, wanakuja, wanapita, wanaisha. Nikaanza kutunga utani wa kumwambia ili asilie.

"Bibi, acha kunifinya bwana."

Kufinya kukazidi.

"Bibi! Unanifinya hapo kwenye kidole cha pili, acha!"

"Nimeshika jiwe," akasema Bibi. "Mume wangu, nimeshika jiwe kwa mikono yote miwili."

Nikafumbua macho. Magome yalikuwa yamenienea mkono mzima, na kuanzia kiwiko, pembeni mwa baka, mpaka kwenye kidole cha pili, yule jirani wa kidole kidogo, siafu walikuwa wanatembea mstari mmoja. Katikati ya baka, kimya. Kidole kidogo, kimya. Kimejikunja palepale, na nesi anasema huenda ndiyo basi. Hicho kitanifuata maisha yote na nitakitazama kila jioni. Lakini kile cha pili kilikuwa kinaungua, kinaungua kweli, na Bibi akataka kukimbilia ndoo nikamzuia.

Kama una baka, mpe mtu akuguse na pamba umefunga macho, na usibahatishe. Na maumivu yakiondoka ghafla, usishangilie kabla hujajua yamekwenda wapi. Sina jingine la kukufundisha, hisabati nilipata F.

Jioni Mama alipiga simu. Hakuuliza chochote, alisema tu "Eeh?" na kusubiri, kama mimi siku ile kwa nesi.

"Mama," nikamwambia, "kidole kinauma."

Nikamsikia anaweka kitu chini, sufuria au nini.

"Sema tena," akasema.